Dominika ya Furaha na mistari mitatu isiyosomwa

Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema: subira huvuta heri. Nyingine yajibu: ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila mwaka Majilio hutuweka katikati ya methali hizo mbili. Kanisa latuambia tungoje. Matumbo yetu yatuambia tumekwisha ngoja mno. Tena, tukiwa bado njiani, kwenye Dominika ya tatu, Kanisa latupa amri ambayo kwa wengi ni ngumu kuliko kufunga: latuamuru kufurahi. Dominika hiyo kwa Kilatini huitwa Gaudete, maana yake Furahini. Ndilo neno la kwanza la antifona ya mwanzo, nalo limetoka katika barua ya Mtume Paulo kwa Wafilipi. Siku hiyo padri aweza kuacha rangi ya zambarau na kuvaa rangi ya waridi.

Katika makala hii twataka kuyapima masomo ya Dominika hiyo, hasa yale ya mwaka C, yaliyosomwa tarehe 15 Desemba 2024. Tutauliza jambo moja tu: je, masomo hayo yaweza kumpa furaha ya kweli Mkristu anayeyasikia pale Salamabila?

Twachagua Salamabila kwa sababu. Mji huo uko katika teritori ya Kabambare, kusini mwa Maniema, katika Jimbo la Kasongo. Jina lake lina neno salama ndani yake, na udongo wake una dhahabu. Karibu nao ni mgodi wa Namoya. Mwaka 2016 kampuni ya Kanada ilianza kutoa dhahabu ya biashara pale. Wachimbaji wadogo, waliozoea kuchimba kwa mikono, walinung'unika kwamba wameondolewa penye mashimo yao. Wafanyakazi wa mgodi walitekwa mwaka 2017, na wengine tena mwaka 2019. Wapiganaji wa Mai-Mai Malaika walipambana na askari wa serikali, wananchi wakakimbilia porini, na mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Basi, tumfikirie mama aliyeyapitia hayo. Ni Desemba, mvua inanyesha, barabara ni tope tupu. Mama amebeba mchele wake kwenda sokoni, na njiani amepita bariere, akalipa. Amerudi, akapita bariere ile ile, akalipa tena. Dominika anakuja kanisani, na msomaji anasimama mbele yake na kumwambia afurahi. Akituuliza ni kwa sababu gani, tutamjibu nini?

Kwanza tuseme asili ya masomo yenyewe. Wazee wetu wanakumbuka kwamba zamani Dominika hii ilikuwa na masomo yale yale kila mwaka: barua kwa Wafilipi, sura ya nne, na Injili ya Yoane, pale makuhani na Walawi walipotumwa kumhoji Mbatizaji kwamba yeye ni nani. Baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano kilitoka Kitabu cha Masomo kipya, kikaanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba 1969. Tangu hapo tunao mzunguko wa miaka mitatu, A, B na C. Mwaka A twasikia nabii Isaya akiahidi kwamba jangwa litachanua, na mtume Yakobo akimsifu mkulima anayevumilia kungoja mvua. Mwaka B twasikia habari ya mpakwa mafuta anayetumwa kwa maskini na wafungwa, na wimbo wa Bikira Maria huimbwa mahali pa zaburi. Mwaka C ndio wa nabii Sefania, wa Paulo kwa Wafilipi, na wa Luka sura ya tatu, kuanzia mstari wa 10 hadi 18.

Kwa maoni yetu mwaka C ndio wenye masomo mazito kuliko yote matatu. Lakini ndio pia ambao masomo yake yamekatwa kwa namna ambayo msikilizaji asiyekuwa na Biblia nyumbani aweza kukosa kiini chake.

Tuanze na Sefania. Somo letu linaanza mstari wa 14 wa sura ya tatu. Twasikia binti Sioni akiitwa apige shangwe, kwa kuwa Bwana ameiondoa hukumu yake na kuwafukuza adui zake. Ni maneno matamu. Lakini aliyekaa na kukisoma kitabu kizima, tangu mwanzo wake katika siku za mfalme Yosia, ajua kwamba nabii hakuanza na shangwe. Ameanza na siku ya ghadhabu. Na mwanzoni mwa sura hii hii ya tatu amewashtaki wakubwa wa mji: watawala wake amewafananisha na simba, na waamuzi wake amewafananisha na mbwa-mwitu wa jioni wasioacha hata mfupa mpaka asubuhi. Kumbe Sioni inafurahi kwa sababu mbwa-mwitu wameondoka mlangoni. Sisi hatusomewi habari za mbwa-mwitu. Twasomewa shangwe peke yake. Ni kama mtu aliyefika barazani shauri limekwisha; anawaona watu wakicheka na kupeana mikono, wala hajui ni haki gani iliyopatikana.

Vivyo hivyo kwa Paulo. Anawaagiza Wafilipi kufurahi, kisha anaurudia wito huo mara ya pili. Anayesikia kipande hicho tu aweza kudhani kwamba mtume aliandika akiwa amekaa vizuri, ameshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na furaha ya mwenye shibe haimsaidii mtu. Lakini sura ya kwanza ya barua hiyo yaeleza kwamba Paulo alikuwa amefungwa minyororo, hakujua kama atakufa au ataachiliwa. Maneno haya, kama yangesomwa pamoja na minyororo ile, yangeingia masikioni kwa nguvu nyingine kabisa. Mfungwa ndiye anayetuambia tufurahi. Mfungwa ana haki ya kutuambia hivyo.

Sasa tufike kwenye Injili, maana hapo ndipo tuna neno la kusema. Dominika ya pili ya mwaka C twasoma Luka sura ya tatu, mstari wa 1 hadi 6: Yoane anatokea, njia za Bwana zinanyoshwa. Dominika ya tatu twaendelea na mstari wa 10. Hesabuni vizuri, wasomaji. Mistari ya 7, 8 na 9 iko wapi? Haikusomwa Dominika ya pili, wala haisomwi Dominika ya tatu. Imerukwa.

Mistari hiyo yasema nini? Ndipo Yoane anapowageukia watu waliokuja kubatizwa na kuwaita uzao wa nyoka. Anawaonya wasitegemee kuwa wana wa Abrahamu. Anawaambia kwamba shoka limekwisha wekwa penye mizizi ya miti, na kila mti usiozaa utakatwa. Ni baada ya maneno hayo tu ndipo makutano wanapouliza watende nini. Katika somo letu swali limebaki, lakini shoka lililozaa swali limeondolewa. Twawasikia watu wakiuliza kwa upole, kama wanafunzi wema mbele ya mwalimu wao. Kwa Luka wanauliza kama watu walioona shoka likiinuliwa juu ya mti waliokalia.

Mtu atatujibu: lakini shoka hilo tunalisikia mwaka A, Dominika ya pili, kutoka kwa Matayo. Ni kweli. Lakini mtazame Matayo kwa makini. Kwake maneno hayo makali yanaelekezwa kwa Mafarisayo na Masadukayo. Kwa Luka yanaelekezwa kwa makutano yote. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Injili tunayosomewa yaonyesha shoka juu ya mti wa wengine. Ile tusiyosomewa yaonyesha shoka juu ya mti wetu. Na binadamu yeyote hupenda zaidi hukumu inayomhusu jirani.

Hatulilaumu Kanisa mama yetu. Twafahamu kwa nini waliopanga masomo waweza kuiacha mistari hiyo: Dominika ya Furaha si siku ya kutisha watu. Lakini twaomba ruhusa ya kusema kwamba sababu hiyo haitoshi, na shahidi wetu ni Luka mwenyewe. Tazameni mstari wa 18, ambao ndio mwisho wa somo. Luka amekwisha taja nyoka, shoka, ungo wa kupepetea, makapi na moto. Kisha anafunga kwa kusema kwamba kwa maonyo hayo na mengine mengi Yoane aliwahubiri watu habari njema. Habari njema! Shoka ni habari njema kwa nani? Ungo ni habari njema kwa nani? Wanawake wanaopepeta mpunga wanajua jibu. Ungo hauchukii mpunga. Ungo unatafuta mchele, unauokoa katika makapi. Kwa yule aliyenyang'anywa, habari kwamba Mungu anakuja na ungo mkononi ni habari ya furaha kupita zote. Tukimwambia mama yule wa Salamabila afurahi bila kumwambia kwamba kuna hukumu, tumemwambia tu kwamba anyamaze.

Basi, sasa tuwasikilize waliouliza. Ni makundi matatu, na msomaji wa Salamabila atayatambua mara moja kama anayoyaona kila siku.

Kundi la kwanza ni makutano, yaani watu wote. Yoane anawaagiza kwamba mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula atende vivyo hivyo. Tuone mpango wa Luka. Hakuanza na watoza ushuru, wala hakuanza na askari. Ameanza na sisi wengine. Twapenda sana kuzungumza juu ya bariere na bunduki, na twafanya haki. Lakini mnunuzi anayechezea mizani mbele ya kijana aliyetoka shimoni na vumbi lake la dhahabu, hana bunduki. Anayetia maji katika mawese hana bunduki. Anayempangisha mkimbizi chumba kwa bei maradufu hana bunduki. Mwenye vikwembe sita sandukuni, na jirani yake anajifunga kile kile kimoja usiku na mchana, hana bunduki. Hao wote wamo katika kundi la kwanza, na huenda wameketi katika benchi la mbele.

Kundi la pili ni watoza ushuru. Yoane hawaambii waache kazi yao. Anawaambia wasitoze zaidi ya kiasi kilichoamriwa. Neno fupi, tena la kawaida kabisa, kama tangazo lililobandikwa mlangoni pa ofisi. Hapo ndipo uzuri wa Injili hii. Mtu alitazamia nabii wa jangwani aseme jambo kubwa la ajabu, naye anazungumza juu ya kiasi cha ushuru. Kama neno hilo moja lingeshikwa katika kila bariere kati ya Kasongo na Salamabila kwa juma moja tu, watu wangeimba njiani bila kufundishwa na mkuu wa kwaya.

Kundi la tatu ni askari. Wanaambiwa wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Luka aliandika kwa Kigiriki, na neno alilotumia kwa kunyang'anya lina picha ndani yake: kumtikisa mtu kwa nguvu, kama mtu atikisavyo mti mpaka matunda yaanguke. Aliyewahi kushikwa kola barabarani mpaka franka zake zikatoka mfukoni hahitaji kufafanuliwa zaidi. Na haki yatudai tuongeze neno: askari aagizwaye kuridhika na mshahara, budi mshahara huo umfikie. Onyo la Yoane lapita kwa askari na kupanda juu kwa wanaomwajiri.

Hapo turudi kwa Paulo, maana masomo haya mawili yanajibizana kuliko tunavyodhani. Mwishoni mwa somo lake Paulo anaahidi kwamba amani ya Mungu italinda mioyo yetu. Neno lake la kulinda, kwa Kigiriki, ni neno la askari: ni ulinzi wa kikosi kinacholinda mji usiku. Basi, siku ile ile moja twasikia juu ya askari wanaotikisa watu, na juu ya amani inayolinda watu kama askari mwema kwenye lindo lake. Watu wa Salamabila wanajua vizuri tofauti ya kutikiswa na kulindwa. Twafikiri mhubiri anayeweza kuyaweka maneno hayo mawili bega kwa bega amekwisha pata mahubiri yake.

Tena sisi wa Kongo tunayo hazina inayotibu upungufu tuliousema. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma ilikubali Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo. Katika utaratibu huo, ibada ya kutubu haiko mwanzoni mwa Misa. Iko baada ya masomo, mahubiri na Nasadiki, na mara baada yake watu hupeana amani. Wengine wameona jambo hilo kuwa desturi tu ya kupendeza, pamoja na ngoma na kucheza. Kumbe lina maana kubwa. Ndio mwendo ule ule wa Luka: kwanza Neno linakata, kisha watu wanauliza watende nini, kisha wanatubu, ndipo wanashikana mikono. Misa inayofuata mwendo huo Dominika ya Furaha inarudisha kwa matendo kile kilichoondolewa katika kitabu. Marehemu Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo katika Basilika ya Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019, na siku hiyo ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Yafaa tukumbuke kwamba Roma yenyewe ilianza Majilio ya mwaka ule pamoja na Wakongo, kwa mwendo wa Kongo.

Na kama mtu akisema kwamba hayo ni maneno ya vitabu tu, tumwonyeshe majirani. Mashariki ya Kabambare ni Fizi. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, waliuawa pale Baraka Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na pale Fizi Padri Giovanni Didonè na Abe Albert Joubert. Watatu walikuwa Waksaveri kutoka Italia. Joubert alikuwa padri wa jimbo. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri huko Uvira. Kalenda yaonyesha kwamba ile 28 Novemba ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Dominika ya kwanza ya Majilio. Wenye silaha walipofika Baraka, Padri Carrara alikuwa akiungamisha watu. Basi, watu wa Baraka walikuwa wamekuja na swali lile lile la makutano wa Yordani, watende nini, na padri alikuwa ameketi kuwajibu. Kazi hiyo ndiyo aliyokutwa nayo. Majilio ya mwaka 2024 yalikuwa ya kwanza tangu wanne hao kuwekwa katika hesabu ya wenye heri, na Dominika yake ya tatu ndiyo iliyotusomea habari ya askari na Yoane. Sisi hatuoni kwamba damu yao inaharibu furaha ya Majilio. Yatuonyesha furaha hiyo imejengwa juu ya nini.

Tukisha kuyapima masomo hayo, hatuna budi kujipima sisi wenyewe na namna tunavyoyapokea. Kuna mambo mawili tunayoyaona mara nyingi katika parokia zetu. La kwanza, kwaya nyingine zina haraka. Majilio hayajafika Dominika ya pili, na tayari zinaimba nyimbo za Noeli, kwa kuwa zinavutia watu. Hivyo Dominika ya tatu ikifika haina kitu kipya cha kutupa. Tumekwisha kula kabla ya kupakuliwa. La pili, wahubiri wengine huligeuza neno Furahini kuwa dawa ya usingizi. Wanawaambia watu wasahau shida zao. Yoane hakumwambia mtu asahau. Raha yaweza kuja kwa kusahau, na penye dhahabu raha hununuliwa upesi: chupa, muziki, usiku mmoja, na asubuhi mfuko mtupu. Furaha ya Majilio haiji kwa njia hiyo. Inaanza pale mtu anapouliza swali lile la kutenda, akavumilia kusikia jibu.

Kwa hiyo twatoa shauri moja jepesi. Ijumaa kabla ya Dominika ya Furaha, watu wakikutana katika shirika, katekista au mama kiongozi asome sura ya tatu ya Luka tangu mstari wa 7, asiruke kitu. Kisha kila mmoja ajibu kwa sauti, kwa ajili yake mwenyewe na si kwa ajili ya jirani: mimi nimo katika kundi lipi, na juma hili nimrudishie nani kitu gani? Shirika likitoka na kikwembe kimoja cha kumpa asiye nacho, na mizani moja iliyonyoshwa, Dominika watakuwa na sababu ya kuimba.

Na yule mama aliyepita bariere mara mbili, tumjibu hivi. Mama, Kanisa halikuambii ufurahi kwa sababu bariere ni kitu kidogo. Lakuambia ufurahi kwa sababu Anayekuja ameiona. Halafu tugeuke, tuwatazame waliokaa naye kwenye benchi, tukianza na sisi wenyewe, na tuulize kwa hofu njema: nasi, Bwana, tutende nini?